Mawe ya Mto Weru Weru yamegoma kukaa kwenye jedwali: rangi ya mwamba inasema nini hasa?

Mwl_Karanga

Wakuu, salaam kutoka Moshi. Naleta shida ya mawe, nitashukuru akipatikana anayeyajua kwa undani.

Jedwali tunalofundishia ni jepesi. Mwamba wa moto (ulioganda kutoka magma, yaani mwamba ulioyeyuka) ukiwa mweupe-mweupe, silika (oksaidi ya silikoni) imezidi asilimia 63 hivi. Wa kijivu uko katikati. Mweusi una asilimia 45 hadi 52, na chini ya hapo ni ile mizito kabisa. Sababu inayotolewa ni "chuma na magnesiamu". Wanafunzi wameokota mawe kando ya Mto Weru Weru, upande wa chini wa daraja la barabara ya Arusha (hakuna lililotoka ndani ya hifadhi ya Kilimanjaro), tukajaribu kuyapanga. Hayapangiki.

Tulichonacho:

A: jeusi, zito, lina punje za kijani kama chupa ya bia iliyovunjika, na nyingine nyeusi zinazong'aa.

B: la kijivu, ndani yake vipande vyeupe vyenye umbo la uru wa kwenye karata, vingine vinafika sentimita 2.

C: jekundu kama tofali la kuchoma, jepesi, limejaa matundu. Hili limetoka kwenye rundo la moramu kando ya barabara.

D: jeusi lenye madoa meupe ya mviringo, makubwa kama punje ya njegere.

E: kioo cheusi tii. Kilikuwa kabati la maabara, hakina lebo.

F: jeupe lenye mistari myeusi, limeletwa na mwanafunzi wa Same.

Maswali yangu: E ni basalti (ule mwamba mweusi wa lava) kwa kuwa ni jeusi? B niliweke wapi? C lina rangi ambayo jedwali halina kabisa. Na je, kuna vipimo vya kufanya bila mashine? Nina mizani ya jikoni inayosoma gramu moja moja, sumaku, siki, asidi ya hidrokloriki iliyozimuliwa, lenzi ya mkono na nyundo.

Themi77

E ni basalti iliyopoa haraka ikawa kioo. Nyeusi ni nyeusi, mwalimu. C ni udongo mwekundu uliochomwa na lava. Mengine ngoja wenyewe waje.

Nyundo_na_Lenzi

Pole na kazi, mwalimu. Themi77 tutarudi kwako, kuna kitu umekigusa na kingine umekikosa.

Jedwali lako si la uongo, ila limeruka hatua. Silika haina rangi. Kwatzi safi ni silika tupu na inapitisha mwanga kama kioo cha dirisha. Mwamba hauwi mweupe kwa sababu silika imeupaka weupe, unakuwa mweupe kwa kukosa cha kuutia weusi. Na cha kuutia weusi, kwa sehemu kubwa sana, ni chuma. Magnesiamu inasingiziwa. Wanafunzi wako wakichoma utepe wa magnesiamu maabara, jivu linalobaki ni jeupe pe. Olivini isiyo na chuma hata chembe haina rangi. Magnesiamu inatajwa kwa sababu inaambatana na chuma, inakaa kwenye madini yale yale na wanapokezana nafasi, ila kazi ya rangi inafanywa na mwenzake.

Chuma nacho kina sura mbili. Chenye chaji 2+ kikiwa peke yake kinatoa kijani. Ndiyo zile punje za chupa ya bia kwenye jiwe A, olivini hiyo. Chenye chaji 3+ kinatoa nyekundu na kahawia, rangi ya kutu. Vikikaa jirani vyote viwili ndani ya fuwele moja, elektroni inaruka kutoka kimoja kwenda kingine, na kuruka huko kunameza mwanga karibu wa rangi zote. Hapo jicho linaona weusi. Magnetiti ni mfano wa wazi: kwa kila atomu moja ya chuma 2+ zipo mbili za 3+. Piroksini, amfiboli na mika nyeusi (biotiti) zina mchezo huo huo kwa kiasi tofauti.

Sasa kwa nini weusi na uchache wa silika huwa vinakutana? Magma inayotoka chini kabisa, kwenye nyuzi 1,100 hadi 1,200 za Selsiasi, ikianza kupoa inatoa kwanza olivini na piroksini. Hizo zinaondoka na chuma na magnesiamu, na kwa kuwa ni nzito zinazama. Kinachobaki juu ni uji wenye silika, sodiamu na potasiamu zaidi, ambao mwishoni unagandisha feldspa na kwatzi, madini ya rangi hafifu, tena kwenye joto la chini, nyuzi 700 na kitu. Mwanajiolojia Bowen alilionyesha hilo kwenye tanuru za maabara miaka mia moja iliyopita. Kwa hiyo silika na weusi wana uhusiano wa kijirani, si wa damu. Jirani akihama, jedwali linavunjika.

Linavunjika wapi? Kwanza kwenye ukubwa wa punje. Chukua kilo ya unga wa sembe, changanya kijiko kimoja cha masizi: unga wote unakuwa kijivu. Masizi yale yale yakiwa vipande vya mkaa, utaona unga mweupe wenye vidonge vyeusi. Lava inapoa upesi, punje zake za magnetiti ni vumbi lililotapakaa kila mahali, na asilimia chache zinatosha kulitia jiwe zima giza. Ndiyo maana basalti ni nyeusi kuliko gabro (magma ile ile iliyopoa polepole chini ya ardhi), ilhali ukizipima kikemia ni mtu na pacha wake. Basalti ile ile ikisagwa hadi unene wa milimita 0.03 na kuwekwa chini ya hadubini, inapitisha mwanga, na sehemu kubwa yake inaonekana ni feldspa safi isiyo na rangi.

Pili ni kioo, na hapo ndipo Themi77 anaponaswa. Obsidiani (kioo cha volkano) nyingi zina silika zaidi ya asilimia 70 na oksaidi ya chuma asilimia 1 au 2 tu. Zingekuwa nyeupe kama zingepata nafasi ya kujenga fuwele. Kwenye kioo hakuna mipaka ya punje ya kurudisha mwanga, unaingia unapotelea ndani, na chembe ndogo mno za magnetiti zinamalizia kazi. Saga kipande hicho cheusi uone unga: ni mweupe au kijivu hafifu sana. Magma hiyo hiyo ikitoka na gesi nyingi inakuwa pumisi, lile jiwe la kusugulia miguu, jeupe kabisa, kwa sababu viputo milioni vinarudisha mwanga kwa macho. Kemia ile ile, rangi mbili.

Tatu ni jambo la kwetu hasa, na vitabu vingi vya shule haviligusi. Milima yetu ni ya magma za kialkali. Lava za Kibo, kilele kikuu cha Kilimanjaro, zilizo nyingi ni fonoliti: silika kama asilimia 55 tu, lakini sodiamu na potasiamu (zikihesabiwa kama oksaidi) pamoja huzidi asilimia 10. Alkali nyingi hivyo zinageuka feldspa na nefelini, na zote mbili ni madini meupe. Hapo jiwe linakuwa la kijivu hafifu bila kuwa na silika ya kutosha hata kutoa punje moja ya kwatzi. Kwatzi na nefelini hazikai chungu kimoja: silika ikizidi, nefelini inageuka feldspa. Kwa hiyo B wala usilihangaikie, ni fonoliti ya Kibo, na hizo uru ni feldspa. Wanajiolojia wanaufahamu sana mwamba huo wa Kibo kwa hizo hizo uru zake. Fonoliti iliyovunjika kuwa bapa jembamba ukiigonga kwa nyundo inalia kama kengele, ndiko jina lilikotoka. Ya fuwele kubwa namna hiyo hailii vizuri, usishangae.

Shira na Mawenzi, volkano nyingine mbili za Kilimanjaro ambazo ni kongwe kuliko Kibo, ndizo zenye basalti nyingi. A inafanana na huko.

C ni skoria, Themi77, si udongo. Ni basalti iliyorushwa hewani ikiwa na povu, kisha mvuke na hewa ya moto vikaoksidisha chuma chake kikawa hematiti. Ndani ya kilima kimoja utakuta skoria nyeusi na nyekundu zimelala pamoja: iliyopoa upesi imebaki nyeusi, iliyokaa karibu na tundu la mvuke imeiva. Silika haijabadilika hata kidogo.

Themi77

Nimekusoma mkuu. Ila basalti ya kioo ipo, usiseme haipo.

Nyundo_na_Lenzi

Ipo, inaitwa takiliti, na mara nyingi ni ganda jembamba tu pembezoni mwa lava iliyotiririka au iliyopenya ufa. Sikukataa kuwepo kwake. Namna ya kuitofautisha na obsidiani: vunja kibanzi, shika ukingo mwembamba mbele ya taa ya simu. Obsidiani inapitisha mwanga wa rangi ya moshi au kahawia. Takiliti inabaki giza hata ukingoni. Na densiti (gramu kwa kila sentimita moja ya ujazo): obsidiani huwa 2.3 hadi 2.5, takiliti inasogea 2.7 na zaidi.

Vaeni miwani. Kibanzi cha obsidiani kinakata kuliko wembe, na hakionekani kikishaingia kwenye kidole.

Dada_Maabara

Mwalimu, mizani yako inatosha. Fanya hivi, kwa mpangilio huu, maana wengi wanaharibu mwanzoni.

Osha jiwe kwa brashi, kisha lianike hadi likauke kabisa, siku nzima juani kwa lisilo na matundu. Usisome rangi ya jiwe bichi. Maji yanajaza vijishimo vya uso, mwanga hautawanyiki tena, na jiwe la kijivu linakudanganya kuwa ni jeusi. Mawe ya mtoni yakiokotwa asubuhi yote ni "basalti".

Livunje. Uso wa nje umeoza: chuma kimekuwa kutu, feldspa imekuwa udongo mweupe, na ganda hilo linaweza kuwa milimita moja au sentimita nzima. Olivini ndiyo inayooza mapema kuliko zote, inageuka ya rangi ya chungwa au kahawia, kwa hiyo kama upande wa nje wa A una vidoa vya chungwa, ndani yake pale pale kuna kijani. Unaposoma rangi, soma sehemu iliyovunjika leo. Weka gunia juu ya jiwe kabla ya kupiga, vipande visiruke.

Densiti. Weka bakuli la maji juu ya mizani, bonyeza kitufe cha kurudisha sifuri. Funga jiwe kwa uzi mwembamba (uzi wa kushonea, si kamba ya katani inayofyonza maji), lining'inize lizame lote bila kugusa chini wala pembeni. Namba inayosomeka ni uzito wa maji yaliyosukumwa, na kwa kuwa gramu moja ya maji ni sentimita moja ya ujazo, hiyo ndiyo ujazo wa jiwe. Gawanya uzito wa jiwe kavu kwa namba hiyo. Tumia jiwe la gramu 200 au zaidi ukilipata. Kwa mizani ya gramu moja, jiwe dogo la gramu 40 kosa lake linafika asilimia 6 au 7, na hapo graniti na basalti zinaingiliana.

Vya kulinganisha navyo: kwatzi 2.65, feldspa 2.55 hadi 2.75, piroksini na olivini kuanzia 3.2 na kuendelea, magnetiti 5.2. Kwa mwamba mzima, graniti ni kama 2.65, fonoliti 2.5 hadi 2.6, basalti isiyo na matundu 2.8 hadi 3.0.

Jiwe likigusa sakafu ya bakuli utapata densiti ndogo ya ajabu, kwa sababu mizani imebeba na sehemu ya uzito wa jiwe lenyewe. Kiputo kilichong'ang'ania kwenye uzi au jiwe kinafanya hivyo hivyo kwa kiasi kidogo, kitikise kitoke.

Rangi ya unga: suguza jiwe kwenye mgongo wa marumaru ya sakafuni, ule upande usiong'aa. (Hizo marumaru za dukani ni udongo uliochomwa, marumaru ya kweli ni jiwe jingine na ni laini mno kwa kazi hii.) Madini yenye ugumu kuzidi kigae hayatoi unga, yanachora kigae chenyewe, na unga utakaouona ni wa kigae. Kwatzi itakufanyia hivyo. Hapo ponda kipande kidogo kwenye kinu cha chuma badala yake.

Sumaku: usiishike mkononi. Itundike kwa uzi wa sentimita 30, subiri itulie, kisha sogeza jiwe taratibu pembeni yake. Basalti yenye magnetiti inaivuta waziwazi. Sumaku ya spika iliyokufa ni nzuri kuliko ile ya kubandika friji.

Asidi ni kwa ajili ya D. Tone moja juu ya doa jeupe, angalia kwa lenzi.

FundiKokoto

Samahani kuingilia. Hapa Arusha wateja wanataka kokoto nyeusi, wanasema nyeupe ni dhaifu. Kuna ukweli?

Dada_Maabara

Rangi haibebi zege, fundi. Kinachobeba ni jiwe lisilo na matundu wala ganda lililooza. Chukua kilo mbili za kokoto kavu, loweka saa 24, futa maji ya juu kwa kitambaa, pima tena. Uzito ulioongezeka gawanya kwa uzito mkavu, zidisha kwa 100. Kokoto nzuri kwa kawaida haizidi 2 au 3. Skoria inapita 10 bila shida, iwe nyeusi au nyekundu, na itakunywa maji ya mchanganyiko wako hadi zege likaukie kwenye toroli. Fonoliti ngumu ya kijivu ni kokoto safi kuliko basalti nyeusi yenye matundu.

Nyundo_na_Lenzi

Nyongeza kwa fundi: kokoto yenye kioo kingi cha volkano, hata ikiwa ngumu kiasi gani, iogope. Alkali ya saruji inaila silika ya kioo taratibu, inatengeneza utando unaovimba, na ukuta unapasuka miaka kadhaa baadaye, wakati ambapo wewe umeshalipwa na kusahau. Kioo kilichosagwa kuwa unga laini ni habari nyingine, hicho ndicho kinachoifanya pozolana (majivu ya volkano yanayochanganywa na saruji) ishike pamoja nayo.

Na ile "graniti nyeusi" ya juu ya meza za jikoni na ya makaburi, mara nyingi sana ni gabro au doleriti. Mwenye duka anaita graniti kila jiwe gumu linalong'arishwa. Hilo tumwachie, ila mwanafunzi asilichukue kama mfano wa graniti kwenye mtihani.

Mwl_Karanga

Asanteni sana. Tumepima, haya ndiyo majibu:

A: gramu 455 kavu, maji 154, densiti 2.95. Sumaku inavutika vizuri. Vidoa vya chungwa kwa nje vipo kweli.

B: 386 kwa 149, yaani 2.59. Sumaku inatikisika kidogo tu.

C: gramu 210. Hapa pana shida: mizani ilianza kusoma 131, viputo vikawa vinatoka, ikashuka mpaka 118 ndipo ikatulia. Niandike ipi?

D: 341 kwa 121, ni 2.82. Asidi inachemka juu ya baadhi ya madoa, mengine kimya.

E: 94 kwa 39, ni 2.41. Ukingo unapitisha mwanga wa kahawia. Unga ni mweupe-kijivu.

F: 298 kwa 111, ni 2.68. Asidi kimya, sumaku kimya.

Na swali moja la mwanafunzi lililonishinda: tunawezaje kuhesabu asilimia ya madini meusi badala ya kukadiria kwa macho?

Dada_Maabara

C andika zote mbili, kila moja ina maana yake. 210 kwa 131 ni 1.60, hiyo ni densiti ya jiwe pamoja na hewa iliyokuwa ndani yake. 210 kwa 118 ni 1.78, matundu yaliyo wazi yakiwa yameingia maji. Bado yapo yaliyofungika ndani. Ukitaka densiti ya mwamba wenyewe, ponda hadi uwe unga kama chumvi ya mezani, pima gramu 50, mimina kwenye silinda ya mililita 100 yenye maji 60, koroga viputo vyote vitoke. Kwa skoria ya kibasalti maji yatapanda karibu na 77, na 50 kwa 17 ni 2.9 na kitu. Hapo wanafunzi wataona C na A ni ndugu, pamoja na tofauti yote ya rangi na uzito. Silinda ikisoma 80 au zaidi, unga haujawa laini vya kutosha au viputo vimebaki.

Kuhesabu asilimia: chukua ile plastiki angavu ya kufunikia madaftari, chora kwa kalamu ya wino mistari 10 wima na 10 mlalo, nafasi ya milimita 5. Zinakutana mara 100. Bandika juu ya uso uliovunjika ulio bapa, na kwa kila makutano andika "nyeusi" au "nyeupe" kulingana na punje iliyo chini yake hasa. Idadi ya nyeusi ndiyo asilimia. Rudia sehemu tatu, chukua wastani. Chini ya 35 jiwe linahesabiwa la rangi hafifu, 35 hadi 65 la kati, zaidi ya 65 la giza. Macho peke yake huwa yanazidisha weusi, kwa sababu punje nyeusi iliyozama chini ya feldspa angavu inaonekana kama iko juu.

Njia hii ni ya miamba yenye punje za kuonekana tu. Kwa A utahesabu fuwele kubwa peke yake, na ule uji mweusi unaozizunguka hautakuambia kitu. Graniti ya kujifunzia ipo kwa wingi Mwanza na Dodoma, Kilimanjaro usiitafute.

Nyundo_na_Lenzi

Majibu mazuri, mwalimu. Niyamalizie.

A: basalti yenye olivini na piroksini, hakuna ubishi.

D: basalti pia. Madoa hayo si fuwele zilizokuwa kwenye magma. Yalikuwa matundu ya gesi, na maji yaliyopita miaka mingi baadaye yakayajaza. Yanayochemka ni kalsiti, yaliyo kimya yaelekea ni zeoliti, ambayo ni nyepesi (2.2 hivi), na ndiyo maana jiwe zima limeshuka kidogo chini ya A. Wafundishe kutofautisha kwa umbo: feldspa ina kona na nyuso bapa zinazometa ukiligeuza jiwe juani, tundu lililojazwa ni la mviringo kama lulu. Kosa hili linawafanya wengi wakadirie weupe wa jiwe kupita kiasi.

E: obsidiani. Kioo cha chupa nene kina densiti ya 2.5 hivi, karibu mno kukitegemea, ila ukingo wake huwa wa kijani au wa kahawia safi kama chai, si wa moshi. Takataka za tanuru nazo hufanana, hizo zina viputo vya duara na vidoa vya kutu. Vipimo vyako haviwezi kusema ni obsidiani yenye silika nyingi, kama za Naivasha, au ni kioo cha kifonoliti, ambacho Kibo pia kinacho. Hilo linataka mashine ya eksirei, na Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini (GST) kule Dodoma ina maabara. Kwa kabati la shule andika "obsidiani, chanzo hakijulikani" uishie hapo. Lebo ya kubuni ni mbaya kuliko kukosa lebo.

F: hilo litoe kwenye zoezi. Same imekaa chini ya milima ya Pare, na Pare si volkano, ni miamba ya kale iliyogeuzwa na joto na mgandamizo. Mistari yako ni ya naisi: madini meusi na meupe yamejitenga kwa tabaka. Kwenye mwamba wa moto wa kawaida punje zimechanganyika ovyo kama wali na maharage. Jedwali la rangi halikuandikwa kwa ajili yake.

Themi77

Wakuu, swali la mwisho kabla hatujafunga. Lava ya Ol Doinyo Lengai kwenye picha ni nyeusi, na mlima wenyewe juu ni mweupe kama una theluji. Ni silika ipi hiyo?

Nyundo_na_Lenzi

Hapo umeuliza, arifu. Hakuna silika ya kuongelea. Ni lava ya kaboneti ya sodiamu, inatoka ikiwa na joto la nyuzi 500 hadi 600 tu, nyembamba kama mafuta, na mchana wekundu wake hauonekani vizuri. Ikiganda ni nyeusi au kahawia nzito. Madini yake makuu mawili ni nyererei, iliyopewa jina la Mwalimu Nyerere, na gregorii, na yote mawili hayawezi kukaa na unyevu. Yanavuta maji ya hewani, yanavunjika kuwa chumvi nyingine, na ndani ya siku chache lava nyeusi imekuwa nyeupe kama magadi. Mvua ikinyesha ni saa tu. Ganda jeupe la Lengai halina uhusiano wowote na graniti.

Mwl_Karanga

Kipande chake kikipatikana kihalali, kinatunzwaje kisigeuke?

Dada_Maabara

Chupa ya kioo yenye kifuniko cha raba, ikiwa kavu kabisa. Ndani weka vile vifuko vidogo vinavyokuja kwenye boksi la viatu vipya, viwili au vitatu kwa chupa ya nusu lita, vikiwa vimekaushwa kwanza. Zungushia mkanda wa plastiki kwenye mdomo. Usikifungue darasani, wakitazame kwa nje, na siku ukiona ukungu mweupe pembeni ujue kifuniko kinavuja. Zile chembe za kwenye vifuko, kwa taarifa ya wanafunzi, ni silika.